Saba Mara Nane

Shangazi wa mchumba wangu alikaa ukingoni mwa kochi letu kama mtu aliyekaribishwa kwenye kiti chenye rangi mbichi. Mkoba kaupakata. Chai aliyomiminiwa na Mama aliitazama, akaishukuru, wala hakuigusa. Macho yake yalizunguka sebule nzima, kwenye pazia, kwenye kabati la vyombo, kwenye picha ya marehemu Baba, halafu yakatua mwisho wa korido, kwenye mlango wa chumba changu cha kazi ambao nilisahau kuufunga. Kutoka pale aliweza kuliona godoro nililolisimamisha ukutani, taa ya duara, na stendi ya simu niliyoifunga kwa kamba ya kiatu kwa sababu mguu wake mmoja ulishavunjika.

"Ndiyo ofisi hiyo?" akauliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na godoro ni la wanafunzi kulalia?"

Mama akakohoa. Mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimeapa kutabasamu siku ile hata nikimwagiwa chai kichwani.

"Ni la kuzuia mwangwi, Shangazi. Chumba kikiwa kitupu, sauti inarudi."

"Aaa." Aliivuta hiyo aaa mpaka ikaisha pumzi. "Mimi wodi yangu ilikuwa na vitanda arobaini na sauti haikurudi. Watu walinisikia mara ya kwanza."

Alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, na kustaafu hakukumtoa kazini. Alikutazama kama mgonjwa aliyeficha dawa chini ya mto. Lakini sikumchukia. Nilimwogopa kidogo, nikamdharau kidogo kwa ule mkoba aliokuwa ameukumbatia kana kwamba kwetu ni kituo cha mabasi, basi. Niliyekuwa namtazama ni yule aliyekaa pembeni yake.

Wakili wangu.

Kwao wote wanamwita Wakili, tangu alipovaa joho mara ya kwanza. Mimi nilianza kumwita hivyo kwa utani, utani ukageuka jina la mapenzi, na siku ile alipoingia na suti yake ya kijivu, jua limemkalia begani, nitasema ukweli, moyo ulinienda mbio kama msichana wa shule. Alinitazama mara moja tu, akashusha macho. Nikadhani ni haya. Mapenzi hukufanya uwe mpumbavu kwa namna nyingi, na hiyo ni mojawapo.

Walikuja na sharti moja, na sote mle ndani tulilijua kabla hawajakaa. Niache video kabla ya harusi. Nizime chaneli, nitafute kazi ya kueleweka au nisitafute kabisa, mradi jina la ukoo wao lisiwe linaning'inia kwenye simu za watu.

Na mimi nilikuwa nimeshakubali.

Ndiyo. Mimi niliyeacha shule ya kulipwa mshahara wa uhakika ili nifundishe hesabu za sehemu na magazijuto kwa kamera iliyoegeshwa juu ya meza. Mimi ambaye watoto nisiowajua huniita Mwalimu Mikono, kwa sababu sura yangu haionekani kwenye video hata moja, ni mikono tu inayoandika na sauti inayoeleza. Miaka minne ya kuzima friji la Mama kila ninaporekodi ili lisingurume, na kusahau kuliwasha, na kugombezwa kwa sababu ya nyama iliyochacha. Yote hayo nilikuwa tayari kuyafunga mfukoni kwa ajili ya mwanamume huyu, na jibu langu nilishampa mwenyewe, Jumatano.

Nieleze jinsi nilivyompa. Wakili hajui hesabu. Shuleni alizipita kwa mbali kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Kwa hiyo tangu tulipoanza kupendana, kila nilipomaliza kurekodi somo, rasimu yake niliituma kwake peke yake, kabla haijasafishwa makosa, kabla haijapandishwa mtandaoni. Wakili akielewa, mtoto yeyote ataelewa. Na mwisho wa kila rasimu, somo likishaisha, sikuizima kamera. Niliendelea kuongea, lakini sasa naongea naye. Nilimwambia nimemkumbuka. Nilimwambia shati lake limebaki kwetu na nimelinusa. Kisha nilikata kipande hicho, somo likaenda kwa watu, maneno yangu yakabaki kwake. Wengine huandikiana barua. Sisi tulikuwa na mikia ya rasimu.

Kwenye mkia wa Jumatano nilimwambia kwamba naacha. Jibu lake lilikuja baada ya dakika chache: *Nimeitazama yote mpenzi, nzuri sana,* na mioyo myekundu mitatu. Kuhusu kuacha, kimya. Nikajiambia anataka tulisemee mbele ya wazee, Jumamosi, kwa heshima. Nikamheshimu zaidi.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa pale nikingoja afungue mdomo aseme neno moja la kunipenda mbele ya shangazi yake, nami nimkabidhi maisha yangu kwenye sinia.

Hakufungua. Aliyefungua ni Shangazi.

"Binti yangu, mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Mwanamke wa kuolewa anaonekana na watu wake. Wewe unaonekana na nani?"

"Inaonekana mikono tu, Shangazi."

"Mikono si mwili?"

"Ni mwili."

"Haya. Na kazi yenyewe. Mimi nilikuwa na sare. Nilikuwa na saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mtu akiniuliza unafanya wapi kazi, nanyoosha kidole: pale. Wewe ukiulizwa unanyoosha kidole wapi? Hewani?"

"Dada," Mama akaingilia kwa ile sauti yake ya asali yenye mwiba ndani, "hata mimi hizo video sizipendi, friji langu ndilo linaloteseka. Lakini usiseme hewani. Binti wa jirani yangu alikuwa wa mwisho darasani, na sasa ananisahihisha mimi dukani."

"Sikatai kwamba ana akili. Ninachosema, akili ikae nyumbani kwake, isikae kwenye mitandao inatukanwa na kila mpita njia." Akamgeukia mpwa wake. "Si ndivyo, Wakili?"

Wakili akasogeza tai. "Shangazi ana hoja," akasema.

Ana hoja! Huyu ndiye mwanamume aliyeniambia kwamba sauti yangu ikimfundisha sehemu anatamani kuwa mtoto tena. Nikamtafuta machoni, nikayakuta kwenye sahani ya biskuti. Bado nikamtetea moyoni: anamstahi shangazi yake, ngoja.

"Tena sikuja mikono mitupu," Shangazi akasema. Akafungua ule mkoba hatimaye, akatoa miwani, akatoa simu, akaisogeza mbali na uso kama wanavyofanya watu wa rika lake. "Nimekuja na ushahidi. Sikiliza watu wanavyokusema. Huyu hapa, anajiita Mpenda Haki."

Nilipolisikia jina hilo, nilikishika kikombe changu.

Msomaji, wewe hukumjua Mpenda Haki. Mimi nilimjua kuliko daktari wangu. Alianza miezi kadhaa nyuma, na kila video yangu ilipotoka, yeye alikuwa wa kwanza kuandika maoni. Hakutukana matusi ya nguoni, la, hilo lingekuwa nafuu. Alidhihaki. Alisema sauti yangu ni ya muuza mboga aliyemeza kitabu. Alisema mwanamke anayeficha sura ana sababu ya kuificha. Nilipofundisha vizuri alisema nimenakili, nilipokohoa alisema mgonjwa akapumzike. Kuna usiku nililia kifuani kwa Wakili kwa ajili ya mtu huyu, akanipapasa mgongo akisema, "Ni wivu tu, mpenzi. Lakini kwa nini ujitese? Hivi inakulipa nini kihisia?" Mwishowe niliacha kabisa kusoma maoni. Na nilipoamua kuacha video, nusu ya sababu ilikuwa mapenzi, nusu nyingine ilikuwa Mpenda Haki. Alikuwa amenichosha.

Shangazi akasoma, taratibu, kwa sauti ya kusoma cheti cha mgonjwa:

"'Mwalimu gani huyu anayewaambia watoto wa watu kwamba saba mara nane ni hamsini na nne? Dada, jikoni kunakuita. Tafuta mume kabla hata hiyo mikono haijazeeka.'" Akashusha simu. "Unaona? Mtu mzima unaambiwa hivyo, na dunia nzima inasoma. Na hesabu yenyewe umekosea."

Mama akanitazama, uso umemshuka. "Ulikosea kweli, mwanangu?"

Nilikuwa nimeshika kikombe na kikombe kilikuwa kimesimama hewani.

"Rudia, Shangazi," nikasema. "Hapo kwenye namba tu."

"Saba mara nane ni hamsini na nne."

"Asante."

Niliweka kikombe mezani. Nilijua sauti yangu inatokaje, maana kuisikiliza ndiyo kazi yangu, na ilikuwa imetulia kama ninapoanza somo.

Ni kweli nilisema hamsini na nne. Nilisema Jumatano jioni, nikiwa nimechoka, na sikugundua. Nikaituma rasimu kwa Wakili hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi, wakati wa kusafisha, nikalisikia kosa langu, nikapiga kelele peke yangu. Ili kurekodi upya kipande kile ilinibidi nivae blauzi ileile, vinginevyo mikono ya nguo ingebadilika katikati ya somo na watoto wangeanza kuuliza. Blauzi ilikuwa kwenye beseni la nguo, imeshalowekwa. Niliikamua, nikaivaa mbichi, nikasema mbele ya kamera nikitetemeka kwa baridi: saba mara nane, hamsini na sita. Nikaunganisha. Ndipo nikapandisha. Ile ya hamsini na nne haikutoka nje ya nyumba hii ila kwa mlango mmoja.

Na mlango wenyewe ulikuwa umekaa mbele yangu na suti ya kijivu, unachagua biskuti.

"Wakili," nikaita kwa upole. "Saba mara nane ni ngapi?"

Akainua kichwa. "Nini?"

"Swali rahisi, mpenzi."

"Hamsini na sita."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe." Akacheka kidogo, kicheko kikamfia njiani.

"Mimi. Kwenye kochi hilo hilo. Ulikuwa hujui, ukaona aibu, nikakufundisha kwa vikombe." Nikamgeukia Shangazi. "Shangazi, nisaidie. Ifungue hiyo video aliyoandikia huyo mtu. Isogeze mpaka uone karatasi yenye saba na nane. Usikilize mwenyewe."

Alihangaika na kioo kwa kidole kimoja, Mama akamsogelea kumsaidia, na wale wanawake wawili waliokuwa wanapimana tangu mlangoni wakainamisha vichwa pamoja juu ya simu moja. Sauti yangu ikatoka, ndogo, yenye kutetemeka ile ya baridi: *...saba mara nane, hamsini na sita...*

"Kasema sita," Mama akasema.

"Kasema sita," Shangazi akakiri. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kwa sababu muuguzi hapimi mara moja. "Na hapa chini watu wanamuuliza huyo Mpenda Haki: dakika ya ngapi? Wapi? Mbona hatuoni? Hajawajibu."

"Hawezi kuwajibu," nikasema. "Hakuitazama hiyo. Aliitazama nyingine."

"Ipi?"

"Ile yenye kosa. Aliyotumiwa mtu mmoja tu. Akaandika maoni yake mapema, akayaweka tayari, akangoja nipandishe ayabandike. Hakutaka kujisumbua kutazama mara mbili. Ndiyo maana hakujua kwamba nimesahihisha."

Mama alielewa kabla sijamaliza. Niliona mkono wake ukienda mdomoni. Shangazi alichukua muda mrefu zaidi, au labda hakutaka kufika haraka. Alivua miwani. Akaifuta kwa upindo wa nguo. Akaivaa.

"Huu ujumbe," akasema polepole, "sikuutafuta mimi. Mimi sijui kutafuta. Nililetewa kwenye simu yangu, nikaambiwa nije niusome hapa." Akamgeukia mpwa wake mzima mzima, kochi likalia. "Uliniletea wewe."

"Shangazi, tusikimbilie hitimisho," Wakili akasema. Tai ilikuwa imemkaba. "Mambo ya mitandao yana utata. Kitaalamu, mtu anaweza kudukua..."

"Nyamaza kitaalamu," Shangazi akasema. "Jibu. Ni wewe?"

Hapo ndipo nilipomwona vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mtu mrefu hivi. Mabega yale niliyoyaegemea. Alikuwa anatafuta kona ya kujibanza kwenye sebule isiyo na kona, na macho yake yalikimbia kutoka kwangu kwenda kwa Mama, kwa Shangazi, mpaka kwenye picha ya marehemu, kana kwamba Baba angetoka kwenye fremu amwekee dhamana.

"Sikuwa na nia mbaya," akasema.

Mama akasonya. Mama yangu husonya mara chache, na akisonya, husikika mtaa wa pili.

"Nilitaka uchoke mwenyewe," akaendelea, sasa akinitazama mimi, sauti ikiingia ule utamu wa mahakamani. "Nielewe, mpenzi. Ningekukataza ungenichukia. Nilitaka uamuzi utoke kwako, uwe huru. Kila nilichoandika kiliniuma mimi kwanza."

"Kilikuuma wapi?"

"Moyoni."

"Ulipoandika kwamba nina sauti ya muuza mboga, moyo ulikuuma?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nani?"

Jibu likamtoka, la kweli, na kama kawaida ya kweli ya watu waoga, lilitoka na kelele. "Unajua wananiitaje pale mahakamani? Unajua? Bwana Mikono! Karani ananiita Bwana Mikono. Hakimu aliniuliza kwenye korido, mbele ya wateja wangu, kama mchumba wangu anaweza kumsaidia mwanawe hesabu za sehemu. Mimi nimesoma miaka mingapi? Nimesimamia kesi ngapi? Halafu nijulikane kwa mikono ya mwanamke!"

Mama akacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi, akisema "Bwana Mikono, jamani, Bwana Mikono," na naapa niliona mdomo wa Shangazi ukicheza upande mmoja kabla hajaukaza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapita kwenye kucheka.

"Kwa hiyo ukaniletea adui," nikasema. "Usiku unanitukana, asubuhi unanifuta machozi. Nililia kifuani kwako, Wakili. Uliniuliza inanilipa nini kihisia. Ulikuwa umeshika simu mkono mwingine?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nikutajie sifa zako? Shangazi yako hapa amenitukana tangu aingie. Amelitukana godoro langu, amekitukana kidole changu, ameitukana mikono. Lakini amenitukana usoni, na chai iko mezani. Namheshimu. Wewe umekaa nyuma ya jina la kubuni, jina lenyewe eti Mpenda Haki. Hata kwenye uongo wako ulitaka usifiwe."

"Nilikosea. Nimekubali. Nakupenda, na hilo hujawahi kulitilia shaka."

Na hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote, kwamba hata pale, katikati ya ule uchafu wote, aliposema nakupenda, kuna kitu kifuani mwangu kiligeuka kumtazama. Mazoea ya mapenzi hayafi kwa sababu mtu kadharaulika.

"Rasimu ya Jumatano," nikasema. "Uliitazama mpaka wapi?"

"Yote. Nilikwambia."

"Mpaka wapi?"

Akaulamba mdomo. "Mpaka... pale kwenye kosa. Nilikuwa na kazi nyingi wiki hii."

"Mkia hukuutazama."

"Nilijua ni yale yale. Kwamba umenikumbuka."

Nikachukua simu yangu. Nikaifungua rasimu, nikaisogeza mpaka mwisho, nikaiweka mezani katikati ya vikombe, nikaacha wasikilize wote watatu. Mikono yangu ilionekana imetulia juu ya karatasi, kalamu imefunikwa. Na sauti yangu, ya mwanamke mwingine kabisa, mwanamke mjinga na mtamu, ikasema:

*"Wakili wangu. Somo limeisha, sasa ni mimi na wewe. Nimefikiri sana. Mpenda Haki amenishinda, na wewe unataka nyumba yenye utulivu, na mimi nakutaka wewe kuliko taa hii. Hii ndiyo video yangu ya mwisho. Usinijibu sasa. Jumamosi, mbele ya Shangazi, sema tu kwamba unanipenda, nami nitasema mbele yake kwamba nimeacha. Nakupenda mpaka naona haya kusema."*

Mikono ikatoka kwenye picha. Ikabaki meza tupu.

Mama alikuwa ameacha kucheka. Shangazi alitazama mapaja yake.

Na Wakili, nitamweleza alivyofanya ili mtu mwingine asije akaniuliza kwa nini sikumsamehe. Wakili uso wake ulikunjuka. Ulifunguka ukang'aa, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza kunishika.

"Kwa hiyo ulishakubali!" akasema. "Mpenzi, si ndilo tulilolitaka wote? Basi hakuna ugomvi hapa. Tulikuwa tunagombana bure!"

Nilitafuta ndani yangu tusi linalomtosha, nikaona yote makubwa kuliko yeye.

"Wakili," nikasema, "yule aliyeongea kwenye hiyo simu alikuwa anampenda mtu aliyeamini kwamba anamtazama. Alikuwa tayari kukupa kila kitu. Kuanzia Jumatano mpaka leo alikuwa wako. Ulichotakiwa kufanya ni kutazama dakika moja zaidi."

"Nitaitazama sasa. Nitazitazama zote, toka ya kwanza. Nifundishe tu nifanye nini."

"Mimi huwafundisha watoto. Wao wakikosea hawajifanyi mtu mwingine."

Nilivua pete ya uchumba. Haikutoka kirahisi, kidole kilikuwa kimevimba kwa joto la siku ile, na nilichukia kwamba nahangaika nayo mbele yake, nikaizungusha nikaivuta mpaka ikanichubua. Nikaiweka kwenye sahani, juu ya biskuti zake.

"Tuzungumze tukiwa wawili," akanong'ona. "Tafadhali. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Wewe umenifanyia mbele ya dunia nzima."

Akamtazama Shangazi, akingoja aokolewe. Nadhani maisha yake yote alikuwa akiokolewa na yule mama. Shangazi alisimama. Akaupachika mkoba begani, akanyoosha nguo, akamtazama mpwa wake kutoka viatu mpaka nywele kama anayemwandikia ruhusa ya kutoka wodini bila kupona.

"Inuka," akamwambia. "Umenileta kwenye nyumba ya watu nikusemee, kumbe umenifanya nikusomee matusi yako. Mimi na miwani yangu. Inuka twende."

"Shangazi, wewe ndiye uliyesema hiyo kazi haifai!"

"Nilisema, na bado nasema." Akanigeukia. "Binti yangu, kazi yako siipendi, na usidhani nimebadilika kwa sababu nimeona haya. Lakini mimi nikitaka kumwambia mtu hapana, namwambia kwa jina langu. Huyu sikumlea hivi." Akampa Mama mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Dada, samahani kwa kuja."

"Ulikuja vizuri, dada," Mama akasema. "Ungechelewa, wangeoana."

Wakili alitangulia mlangoni, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, sitamsingizia. Alikuwa bado mzuri. Hilo nalo lilikuwa tusi.

"Utaacha video?" akauliza. Katika maswali yote ya duniani, aliliokota hilo.

Nikamfungia mlango.

Nilibaki nimeuegemea kwa mgongo. Nilisikia hatua zao zikishuka ngazi, za Shangazi nzito na za haraka, zake za kuburuta. Nilisikia mlango wa gari, wa kwanza, kisha wa pili. Injini ikakataa, ikakubali. Sikujisogeza. Nilikuwa na uso uleule wa kutabasamu niliouapia asubuhi, umekauka usoni kama unga.

Mama alikuwa amesimama dirishani, kafunua pazia kwa kidole kimoja, anachungulia bila aibu yoyote. Alikaa hivyo mpaka mlio wa gari ukapotea. Kisha akaliachia pazia, akaja akanishika mkono wenye kidole kilichochubuka, akaniketisha kwenye kochi mahali alipokuwa amekaa yeye mwenyewe, ambapo kitambaa kilikuwa bado na joto lake.

"Wameshapinda kona," akasema. "Haya, mwanangu. Lia sasa."